Kandili Zilizotoka Misikitini: Vioo vya Waislamu katika Majumba ya Makumbusho

Tarehe 2 Oktoba 2001, wiki tatu tu baada ya minara miwili ya New York kuangushwa, jumba la makumbusho la Metropolitan katika jiji hilohilo lilifungua maonyesho yaliyopewa jina la Vioo vya Masultani. Hayakuandaliwa kwa sababu ya msiba ule. Yalikuwa yamepangwa tangu zamani, na kuanzia mwezi Mei hadi mwanzoni mwa Septemba mwaka huo yalikwisha kuonyeshwa katika mji mdogo wa Corning, ulio kwenye jimbo la New York. Lakini Mwenyezi Mungu alikadiria yafike jijini wakati ambapo jina la Uislamu lilikuwa likitajwa kila saa redioni na kwenye televisheni, na aghalabu halikutajwa kwa kheri.

Walioingia ukumbini walikuta vyombo vipatavyo 150 vya kioo, vingi vikiwa vimetengenezwa katika nchi za Kiislamu tangu karne za mwanzo za Hijria: bilauri, chupa za manukato, mabirika, mabakuli, na zaidi ya yote taa kubwa za misikiti zilizoandikwa aya za Qur'ani Tukufu kwa dhahabu na rangi ya buluu. Hapakuwa na hotuba humo wala mjadala. Palikuwa na kazi za mikono ya mafundi ambao wengi wao hata majina yao hayakuhifadhiwa. Maonyesho yaliendelea hadi 13 Januari 2002, kisha yakasafirishwa hadi Athens, Ugiriki, kwenye jumba la makumbusho la Benaki, yakakaa huko mpaka Mei ya mwaka huo.

Swali linaloufaa ukurasa huu wa Ijumaa ni hili: taa iliyotolewa wakfu na Muislamu ili imulike mahali pa sala, imefikaje ndani ya kabati la makumbusho? Na huko iliko, ni nani anayeitunza? Kabla ya kulijibu, hatuna budi kukitazama kwanza kioo chenyewe na nafasi yake katika dini yetu na historia yetu.

Kioo ndani ya Qur'ani na Hadithi

Kioo si kitu kigeni katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Suratun Naml, aya ya 44, tunasimuliwa habari ya malkia wa Sabaa alipoingizwa katika jumba la Nabii Sulaiman (a.s.). Aliiona sakafu akaidhania kuwa ni maji mengi, akapandisha nguo yake asilowe, ndipo alipoambiwa kuwa alichokanyaga ni kioo. Ni papo hapo alipojisalimisha kwa Mola wa walimwengu wote. Suratul Insan nayo, katika aya ya 15 na ya 16, inaeleza vyombo vya watu wa Peponi kuwa vina weupe wa fedha na wakati huohuo vinaangaza kama kioo, jambo ambalo fundi yeyote wa dunia hii hawezi kulikusanya katika chombo kimoja.

Mtume wetu (s.a.w.) naye alikitumia kioo katika usemi. Alikuwa safarini, na kijana aitwaye Anjasha alikuwa akiwaimbia ngamia mpaka mwendo wao ukazidi. Mtume akamwambia aende polepole kwa kuwa amebeba vyombo vya kioo, na alikusudia wanawake waliopanda ngamia hao. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Akina baba wanaousoma ukurasa huu huku wake zao wakiwa kando yao hawahitaji ufafanuzi zaidi.

Lakini aya iliyoacha alama kubwa kuliko zote katika kazi za kioo ni ile ya 35 ya Suratun Nur. Humo Mwenyezi Mungu anaipigia nuru Yake mfano wa shubaka la ukutani lililowekwa taa, nayo taa imo ndani ya kioo, na kioo chenyewe kinameremeta kama nyota, na mafuta yake yanatokana na mzeituni uliobarikiwa. Sisi watu wa pwani, tuliozoea nyumba za mawe za Lamu na zidaka vyake vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu, hatupati taabu kuliona shubaka hilo. Jina lake la Kiarabu ni mishkati, na huko Misri taa zenyewe za misikiti zikaja kuitwa kwa jina hilohilo. Nalo neno letu kandili limetoka katika neno la Kiarabu la taa, kama bilauri ilivyotoka katika neno la jiwe angavu lipitishalo mwanga.

Wanahistoria wengine huongeza sababu nyingine. Mtume (s.a.w.) aliwakataza Waislamu kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Tajiri aliyetaka chombo kizuri mezani pake, naye anachunga mipaka ya dini, alikimbilia kauri na kioo. Yamkini ndiyo maana mafundi wa Sham, Misri, Iraq na Iran walipata kazi nyingi na wakafikia ustadi ambao Ulaya ya zama hizo haikuwa nao.

Jinsi kandili ilivyotengenezwa

Kioo ni mchanga. Unachukuliwa mchanga safi au mawe meupe yaliyosagwa, unachanganywa na majivu ya mimea inayoota kwenye ardhi ya chumvi, kisha unatiwa ndani ya tanuri mpaka unayeyuka. Kazi ya majivu ni kuuwezesha mchanga uyeyuke kwa moto ambao tanuri la kuni linaweza kuufikia. Majivu hayo Waarabu waliyaita al-qali, na kwa njia hiyo wanasayansi wa Ulaya wakapata neno lao alkali. Katika zama zetu viwanda hutumia magadi, na magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya huuzwa kwa kazi hiyohiyo.

Kioo kikiwa kingali laini kama asali, fundi hukichota kwa ncha ya bomba refu la chuma na kukipuliza. Ufundi huu wa kupuliza ulianza katika nchi za Sham kiasi cha miaka 2000 iliyopita, kabla ya kuja kwa Uislamu, na Waislamu waliurithi kutoka kwa mafundi waliowakuta. Walichokiongeza wao, na kukifikisha kilele katika karne ya saba na ya nane Hijria, yaani karne ya 13 na ya 14 Miladia, ni kuandika na kunakshi juu ya kioo kwa dhahabu na kwa enameli. Enameli ni kioo chenye rangi kilichosagwa kikawa unga na kuchanganywa na mafuta au gundi kama wino. Fundi aliandika kwa kalamu au burashi juu ya taa iliyokwisha poa, kisha akairudisha motoni.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Moto ukipungua, rangi haishiki. Moto ukizidi kidogo, taa yenyewe inalegea na kuporomoka, na kazi ya siku nyingi inapotea. Anayezitazama taa hizi kwa karibu ataona kuwa nyingi zimepinda kidogo, na ndani ya kioo mna vipovu vidogovidogo. Wako wanaoona hiyo ni kasoro. Kwa maoni yetu, mtu aliyewahi kusimama mbele ya tanuri la mkate tu atastaajabu kwamba zilitoka nzima.

Taa yenyewe ilikuwa na shingo pana iliyofunguka kama mdomo wa tarumbeta, tumbo la duara, na kitako. Ilining'inizwa kwa minyororo iliyofungwa kwenye vishikio vilivyobandikwa tumboni. Ndani yake kiliwekwa chombo kidogo chenye maji, na juu ya maji yakaelea mafuta pamoja na utambi. Kwenye taa nyingi, aya ya Suratun Nur iliandikwa shingoni kwa buluu, na tumboni likaandikwa jina la aliyeitoa pamoja na vyeo vyake, maandishi ya dhahabu katika uwanja wa buluu. Utambi ulipowashwa usiku, mwanga ulipenya kati ya herufi, na aliyekuwa chini akisubiri sala ya Isha aliziona herufi za aya ya nuru zikiwa zenyewe zina nuru.

Taa ya Amiri Qawsun

Mfano mmoja unatosha. Katika jumba la Metropolitan iko taa ya Amiri Qawsun, iliyotengenezwa Misri kati ya mwaka 1329 na 1335. Ni miaka ileile ambayo Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa, mwaka 1331, akasifu uchaji wa watu wake. Qawsun hakuwa mzaliwa wa Misri. Alifika Cairo mwaka 1320 akiwa kijana, akaingia katika utumishi wa Sultani al-Nasir Muhammad, akapanda daraja hadi kuwa mnyweshaji wake na kisha mmoja wa maamiri wakubwa wa dola. Ndiyo maana taa yake ina alama ya kikombe: maamiri wa Kimamluki walikuwa na alama za vyeo vyao, na kikombe kilikuwa cha mnyweshaji.

Qawsun alijenga msikiti Cairo mwaka 1330, na baada ya sultani kufariki akawa ndiye mwenye amri nyuma ya pazia. Haikudumu. Wapinzani wake walimpindua, na akafa gerezani Iskandaria mwaka 1342. Nyumba yake iliporwa. Taa iliyo dhaifu kiasi cha kuvunjwa na mtoto kwa jiwe ikabaki, na sehemu kubwa ya mali yake ikatawanyika. Juu yake pamebaki pia jina la fundi, Ali bin Muhammad, jambo ambalo ni nadra sana katika taa za namna hii.

Kioo cha mizani

Tukitoka kwenye taa, kuna vioo vingine ambavyo wageni wa makumbusho huvipita bila kuvitazama kwa kuwa havina uzuri wa macho. Ni visahani vidogo vya kioo, vingine si vikubwa kuliko sarafu, vilivyopigwa muhuri wa maandishi ya Kiarabu. Jumba la British Museum mjini London linavyo vingi. Vilitumika Misri tangu zama za Bani Umayya kama mawe ya kupimia dinari na dirhamu. Dinari ya dhahabu ilitakiwa iwe na uzito wa gramu 4.25 hivi, na mfanyabiashara aliiweka upande mmoja wa mizani na kioo upande wa pili.

Kwa nini kioo, wala si shaba au risasi? Kwa sababu shaba inaingia kutu na risasi inakwanguka, na mjanja anaweza kuichonga kidogo bila kujulikana. Kioo hakiliki, na kikivunjwa ukingo kila mtu anaona. Juu yake liliandikwa jina la gavana aliyehusika, kama vile Qurra bin Sharik aliyeitawala Misri tangu mwaka 709 hadi 715, na kwenye baadhi yake ikaandikwa amri ya kutimiza kipimo. Mihuri kama hiyo ilibandikwa pia kwenye vyombo vya kupimia mafuta na nafaka sokoni. Tunajua onyo la Suratul Mutaffifin juu ya wapunguzao vipimo. Hapa tunawaona watawala wakiligeuza onyo hilo kuwa kifaa ambacho muuza mafuta hakuwa na hila ya kukikwepa.

Vipande vilivyovuka bahari

Kioo kilichovunjika nacho kilikuwa mali. Karibu mwaka 1025 jahazi moja lilizama mahali paitwapo Serçe Limanı, pwani ya kusini ya Uturuki, likiwa limebeba tani tatu hivi za kioo. Tani mbili zilikuwa mabonge ya kioo ghafi, na moja ilikuwa vyombo vya Kiislamu vilivyokwisha vunjika, vikipelekwa kuyeyushwa upya. Wazamiaji wakiongozwa na mtaalamu George Bass walivitoa kati ya mwaka 1977 na 1979, wakakaa miaka mingi wakiunganisha vigerenyenza, na leo mamia ya vyombo vilivyopatikana hivyo vimo katika ngome ya Bodrum. Hakuna aliyevikusudia vihifadhiwe. Vilikuwa njiani kwenda tanurini.

Pwani yetu haikuwa nje ya biashara hiyo. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vya vyombo vya kioo kutoka nchi za Kiislamu huko Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu, na pia Kilwa. Na hapa kuna jambo ambalo wengi walioyatembelea maonyesho ya mwaka 2001 hawakulijua. Mmoja wa wataalamu wawili walioyaandaa, David Whitehouse wa jumba la Corning, ndiye aliyeongoza uchimbaji wa Siraf kuanzia mwaka 1966 hadi 1973. Siraf ni ile bandari ya Ghuba ambayo manahodha wake walikuwa wakisafiri hadi kwetu. Al-Masudi alisafiri na wenye majahazi wa huko kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi hukidhania kuwa ni Pemba, mwaka 304 Hijria, sawa na 916. Mwenzake katika maandalizi alikuwa Stefano Carboni wa Metropolitan.

Zilitokaje misikitini?

Sasa turudi kwenye swali letu. Msikiti wa Sultani Hasan mjini Cairo, uliojengwa kati ya mwaka 1356 na 1363, ulitengenezewa makumi ya kandili za enameli. Leo ukiingia humo utaona minyororo ikining'inia kutoka juu sana, lakini taa zile za asili hazipo. Nyingi zimo katika jumba la makumbusho la sanaa za Kiislamu la mji huohuo, lenye mkusanyo mkubwa kuliko wote duniani wa taa za Kimamluki. Nyingine zimesambaa London, Paris, Lisbon, New York na kwingineko.

Ufundi wenyewe ulikuwa umekwisha dhoofika tangu karne ya 15. Wengi wanakitaja kitendo cha Timur kuiteka Dameski mwaka 1401 na kuwachukua mafundi wake. Mwaka 1569 waziri mkuu wa dola ya Uthmaniya, Sokollu Mehmed Pasha, alipohitaji taa 900 za msikiti, aliziagiza kwa Wakristo wa Venice kupitia balozi wao, akiwapelekea na michoro. Tusicheke. Msikiti mkuu wa Sultan Qaboos mjini Muscat, uliofunguliwa Mei 2001, una taa kubwa ya vioo yenye urefu wa mita 14 iliyotengenezwa na Wajerumani.

Katika karne ya 19 matajiri wa Ulaya walizipenda taa za Cairo kupita kiasi. Fundi mmoja wa Paris, Philippe-Joseph Brocard, alijifunza kuziiga kwa ustadi, na kazi zake nazo zinatafutwa na wakusanyaji. Taa za asili zilikuwa zikitoka misikitini, moja baada ya nyingine, zikiuzwa kwa wageni. Mwaka 1881 ikaundwa kamati ya kuhifadhi majengo ya kale ya Cairo, ikazikusanya zilizosalia na vitu vingine vya misikiti. Mwanzoni viliwekwa ndani ya msikiti wa al-Hakim, na mwaka 1903 likafunguliwa jumba la sasa la Bab al-Khalq.

Mwenye kujua sheria ya wakfu hapa atasita. Sayyidna Umar (r.a.) alipoitoa wakfu ardhi yake ya Khaibar, sharti lilikuwa kwamba haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na hilo ndilo msingi wa wanazuoni katika mlango huu. Zipo tofauti za madhehebu kuhusu wakfu ulioharibika au usiofaa tena, kama unaweza kubadilishwa na kitu kingine chenye manufaa. Lakini taa nzima, yenye jina la mtoaji na aya tumboni, iliyouzwa na mlinzi wa msikiti kwa mgeni aliyepita, haiingii katika ruhusa hiyo kwa njia iliyo wazi. Kwa upande mwingine, ni haki kusema kwamba nyingi zilizobaki misikitini zilivunjika au kupotea. Sisi tunaona mambo mawili ni ya kweli kwa pamoja: zilitolewa pasipo haki, na walizotolewa kwao walizitunza.

Utunzaji wenyewe si jambo jepesi, kama Corning walivyoonja. Mji huo una kiwanda kikubwa cha vioo, na mwaka 1951 kampuni yake ilianzisha jumba la makumbusho la vioo tupu. Tarehe 23 Juni 1972 mto ulifurika kwa dhoruba iliyoitwa Agnes, maji yakaingia ndani yakapanda kufikia kimo cha kifua cha mtu. Kati ya vitu 13,000 vilivyokuwamo, 528 viliharibika. Vitabu vya maktaba vilivyolowa ilibidi vigandishwe kwa baridi ili visioze kabla ya kukaushwa. Leo jumba hilo lina vitu zaidi ya 50,000, miongoni mwake birika moja la Kiislamu la karibu mwaka 1000, la kioo cheupe kilichovikwa kioo cha kijani, kisha kijani kikachongwa na kubakisha umbo la ndege wa mawindo wakiwarukia wanyama wenye pembe.

Cairo na Beirut

Ijumaa ya tarehe 24 Januari 2014, asubuhi mapema, gari lililojazwa baruti lililipuliwa mbele ya makao ya polisi mjini Cairo. Watu waliuawa. Ng'ambo ya barabara ndipo lilipo jumba la makumbusho la sanaa za Kiislamu. Dari lilianguka, makabati yakapasuka, na miongoni mwa vitu vilivyovunjika zilikuwamo kandili za misikiti ambazo zilikuwa zimepita salama katika zama za Mamluki, Uthmaniya, Wafaransa na Waingereza. Zilivunjwa na mlipuko uliotegwa siku ya Ijumaa, katika mji wa Waislamu. Mafundi wa jumba hilo walikusanya vigerenyenza kutoka kwenye kifusi, wakaunganisha vilivyounganika, na Januari 2017 likafunguliwa tena.

Halafu ikaja Beirut. Mlipuko wa bandarini wa tarehe 4 Agosti 2020 uliangusha kabati moja katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Lilikuwa na vyombo 74 vya kioo vya zama za Warumi, Byzantium na Uislamu, na 72 vilivunjika. Taabu haikuwa kuvunjika tu. Vipande vya kale vilichanganyika na vya madirisha na vya kabati lenyewe, na wataalamu wa Lebanon wakisaidiwa na mwenzao kutoka Ufaransa walivichambua kimoja kimoja. Vyombo vinane vilipelekwa London kuunganishwa, vikaonyeshwa British Museum kuanzia Agosti hadi Oktoba 2022, kabla ya kurudi kwao. Waliovitengeneza waliamua kutozificha nyufa na mapengo, ili kila atazamaye ajue yaliyotokea Beirut.

Kwa wazazi

Familia nyingi hazitapata nauli ya New York wala Cairo, na hilo si kikwazo tena. Tangu mwaka 2017 jumba la Metropolitan limeruhusu picha za maelfu ya vitu vyake zichukuliwe bure kwenye intaneti, na Corning nao wameweka mkusanyo wao wazi kwa yeyote kuutazama. Mtoto aliyefika Suratun Nur madrasa ana faida ambayo watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani hawana: anaweza kusoma.

Mwekeeni mbele picha ya taa ya Kimamluki, aanze na shingo. Herufi ni ndefu na zimebanana, na mstari wa maandishi hukatwa mara tatu na maduara, kwa hiyo asikate tamaa asipopata mwanzo wake mara moja. Atafute kwanza neno nur, kisha mishkati, kisha zujaja, yaani kioo. Baada ya hapo ashuke tumboni kwenye jina la mtoaji. Ndani ya maduara akiona kikombe, mwenye taa alikuwa mnyweshaji wa sultani. Akiona kasha la kalamu, alikuwa katibu.